Wakili wa Mgeni: Deni Tulilolisahau Sisi Tuliokimbia



Ukisimama leo chini ya mnara wa taa wa Aija ukaitazama khori ya Sur, unaiona njia waliyopita wazee wetu. Majahazi ya hapa yalikuwa yakishuka na kaskazi kwenda Lamu, Mombasa na Unguja, na yakirudi na kusi. Baada ya Januari 12, 1964, bahari hiyo hiyo ilibeba watu wasio na shehena wala safari ya kurudi. Wengine walifika Oman, wengine wakaangukia Dubai, Kuwait, Cairo au Uingereza. Wengi walisubiri mpaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga nchi.

Hebu tujiulize: katika safari ile yote, nani alikuwa wakili wetu? Hakuna. Tulipokelewa kwa ukoo, kwa kabila, kwa shahada ya mzee aliyesema "huyu namjua babu yake." Aliyekosa mzee wa kumshuhudia alihangaika miaka. Tulipokelewa kwa hisani, na tunaishukuru. Lakini hisani si haki. Mwenye hisani akibadilisha nia huna pa kwenda kumshitaki, na hapo ndipo anapohitajika wakili wa wahamiaji.

Watani wetu watasema mawakili ni watu wa fedha tu. Wako wa namna hiyo, na matapeli pia wapo, wanaouza hadithi za kuombea ukimbizi kama wanaouza njugu. Lakini wako na wengine. Mtazameni marehemu Ian Macdonald, Mskoti wa Glasgow aliyefariki Novemba 2019. Mwaka 1983 alitoa kitabu cha sheria ya uhamiaji ya Uingereza ambacho mawakili na mahakimu wamekuwa wakikitumia, chapa baada ya chapa. Baadaye serikali ikamweka katika orodha ya mawakili maalumu wa kesi za wageni wanaotuhumiwa ugaidi, wanaofungwa bila kushitakiwa na bila kuonyeshwa ushahidi wote. Mwaka 2004 alijiuzulu, akasema hawezi kuipa heshima sheria ya kumfunga mtu bila muda na bila hukumu. Alikuwa na cheo na jina, na angeweza kunyamaza akaendelea kula.

Tusiende mbali, tuje Nairobi. Disemba 2012 serikali ya Kenya ilitoa amri wakimbizi wote waliomo mijini wahamishiwe makambini, Dadaab na Kakuma. Watu waliokuwa na maduka, watoto waliokuwa skuli, wagonjwa waliokuwa na matibabu, wote wafunge virago. Kituo cha Sheria, taasisi inayowatetea wanyonge tangu 1973, ikaenda Mahakama Kuu pamoja na wakimbizi wenyewe. Julai 26, 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri ile. Aliona inavunja utu wa mkimbizi na uhuru wake wa kutembea, na inamweka katika hatari ya kurudishwa kule anakokimbia. Amri ikarudi kwa sura nyengine Machi 2014. Mawakili nao hawakukunja majalada. Serikali ilipotaka kuifunga Dadaab, Kituo cha Sheria kilikuwamo tena katika kesi, na Februari 2017 Jaji John Mativo akasema kuifunga ni kinyume cha katiba.

Wazanzibari khasa tunapaswa kuisoma habari hiyo mara mbili. Baada ya mauaji ya Januari 26 na 27, 2001, ndugu zetu kiasi cha 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka kwa mashua wakaingia Shimoni. Kenya waliyoikimbilia ndiyo hiyo hiyo, na makambi ni hayo hayo. Wakili anayemtetea Msomali wa Eastleigh anamtetea na Mpemba wa Shimoni, maana sheria ni moja.

Na kuna kesi iliyoigusa lugha yetu wenyewe. Uingereza ilianza kuwapima waombaji ukimbizi kwa kusikiliza wanavyosema. Anayedai ni Mbajuni wa visiwa vya Somalia anapigiwa simu, anazungumza dakika chache, kampuni moja ya Sweden inaandika ripoti: huyu Kiswahili chake ni cha Kenya, muongo. Sisi tunajua Kibajuni kinavyochanganyika kutoka Lamu mpaka Kismayu, na tunajua mtu aliyekaa Mombasa miaka mitatu lafidhi yake inabadilika. Jaji wa London angeyajuaje hayo? Mawakili ndio waliozichimba ripoti zile wakazibishia, mpaka kesi mbili za ripoti za lugha kutoka Scotland zikafika Mahakama ya Juu kabisa. Mei 2014 mahakama ile haikuzipiga marufuku ripoti za lugha, lakini ilikataa zipewe uzito wa kupindukia, na ikasema mchambuzi wa lugha asijifanye mjuzi wa mambo yasiyokuwa fani yake.

Sasa tugeukie kwetu, maana nyani haoni kundule.

Katika nyumba zetu hapa Sharqiyah, Sur, Ibra na Aija yenyewe, wako wasichana kutoka Tanga, Unguja, Mombasa na Kampala. Tunazungumza nao Kiswahili, wanatupikia wali wa nazi, watoto wetu wanawaita dada. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za majumbani Oman na Emirates: wanaonyang'anywa pasipoti, wanaonyimwa mishahara, wanaofanya kazi mpaka usiku wa manane, na wengine wanaopigwa. Tulikasirika sote, tukasema tunasingiziwa. Lakini nani kati yetu aliuliza pasipoti ya msichana wa nyumbani kwake iko kabati gani?

Oman haikutia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Sheria mpya ya kazi ya 2023 nayo iliwaacha wafanyakazi wa majumbani nje ya kinga zake. Zipo kanuni tangu 2004, na kushika pasipoti ya mfanyakazi kumekatazwa. Lakini kanuni bila mtu wa kuisimamia ni karatasi. Msichana asiyejua Kiarabu, asiye na simu, ataianzaje safari ya kwenda kushitaki?

Mimi nasema sisi ndio tunaoweza kuwa daraja. Tuna vijana wanaosoma sheria Muscat, London na Dar es Salaam, wanaojua Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili. Wote wanataka kesi za mafuta na mabenki. Hatuwalaumu, mtu ana nyumba ya kulisha. Lakini wakipatikana wawili watatu wa kutoa siku moja kwa wiki kumsomea mgeni mkataba wake, kumwandikia barua, kumpeleka idara ya kazi, tutakuwa tumelipa sehemu ya deni. Na asiyekuwa wakili anaweza kuwa mkalimani, au akaanza na jambo dogo kuliko yote: kumrudishia msichana pasipoti yake leo usiku.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, naye alihama, na Ansari wa Madina waliwapokea Muhajirina. Sisi tumekuwa Muhajirina kwa nusu karne na zaidi, tunasimulia kila harusi na kila matanga jinsi tulivyodhulumiwa. Ikiwa hadithi ile haitufunzi namna ya kumtazama mgeni aliye jikoni kwetu, basi tunawasimulia watoto ili iwe nini?

Wabillahi tawfiq.