NANI ALIYE 'BOI'?

Katika Kiingereza liko neno dogo la herufi tatu, 'boy'. Mwanafunzi hufundishwa kuwa maana yake ni mvulana, na akijibu hivyo mtihani husahihishwa. Lakini babu yake, ambaye hakuingia darasani hata siku moja, alilijua neno hilo zamani, wala hakuambiwa kuwa maana yake ni mvulana. Aliitwa yeye, na mvi zake kichwani.

Mwingereza mwenyewe hulitumia kwa namna nyingi. Akimwita mwenzake wa klabu 'old boy' amemwonyesha mapenzi. Waliosoma shule moja hujiita hivyo hivyo hata wakiwa na wajukuu. Askari wake walioko vitani ni 'boys', na timu yake ya kandanda vilevile. Hatuna ugomvi na hayo. Wao kwa wao huitana na kuitikiana, leo huyu, kesho yule.

Neno hilo lilipofika huku katika nyumba za mabwana wakubwa, kurudishiana kulikoma. Mpishi akawa boi, dobi akawa boi, mtunza bustani akawa shamba boi. Je, nani aliyethubutu kumwitikia Bwana Shauri, "Naam, boi"? Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini msimamizi Mwafrika aliitwa 'boss boy', bwana na mtoto kwa pumzi moja! Hata Wafaransa, ambao hawana upungufu wa maneno, waliliazima kwa ajili ya watumishi wao wa makoloni. Ndiyo maana Ferdinand Oyono wa Kameruni, alipotoa mwaka 1956 riwaya yake ya Kifaransa juu ya mtumishi wa nyumba ya Mzungu, aliliweka neno hilo la Kiingereza katika jina la kitabu.

Wako wajuzi watakaotutuliza. Watasema kuwa huko Uingereza, miaka mia saba iliyopita, neno hili lilikuwa na maana ya mtumishi au mtu duni, na maana ya mtoto wa kiume ilifuata baadaye. Basi tusi liko wapi? Tunawajibu kuwa hapo hapo ndipo lilipo. Mkoloni alitubebesha maana zote mbili, ya unyonge na ya utoto, akachagua ya kutumia kwa kadiri ya faida yake. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi ilimfanya Mwafrika aliyetoroka kazi kuwa mkosaji wa kushtakiwa. Kwenye mshahara alikuwa mtoto. Kizimbani alikuwa mtu mzima.

Huko Marekani, Februari 1968, wazoa taka weusi wa Memphis waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na gari la taka. Mabango yao yalisema: MIMI NI MWANAMUME. Kila mtu alijua yanajibu neno gani. Tena mwaka 2006 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipewa kesi ya wafanyakazi weusi wa kiwanda cha kuku cha Alabama, walioitwa 'boy' na mkubwa wao. Mahakama ya chini ilikuwa imesema neno hilo, lisipotajwa pamoja na rangi, halionyeshi ubaguzi. Majaji wakuu walikataa: hutegemea sauti ya msemaji, desturi ya mahali na historia ya neno.

Sasa twaja nyumbani. Mkoloni alikwisha kwenda zake. Nani basi anayesema leo "hausiboi wangu", akimtaja mtu mwenye mke na watoto wanne? Si Mzungu. Ni sisi, na wengine wetu tumevaa beji ya chama kifuani tunapolisema. Mpishi ni mpishi, mlinzi ni mlinzi, na kila mmoja ana jina alilopewa na wazazi wake.

Hata sisi wa gazeti hili hatukusalimika. Yupo mzee anayetuletea chai kila asubuhi. Tulipoanza kuandika haya tuliulizana jina la baba yake, na hakuna hata mmoja aliyejua. Ikabidi twende tukamwulize.