Mtuache na Interstellar yetu

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuongelea mambo mengine kabisa. Sasa kuna staa mmoja hapa mjini, jina nalihifadhi maana wafuasi wake ni wengi na mimi bando langu dogo, kapost klipu ya watu wanatoka ukumbi wa sinema huko nje wakifuta machozi. Chini kaandika kwamba watu wazima wanalilia muvi ya 2014, hawana kazi za kufanya. Basi watu wakajaa hapo kucheka. Na mimi nilicheka kidogo, nisiwe muongo. Halafu nikakaa nikawaza, nikaona hapana, hili lazima nilijibu.

Muvi yenyewe ni Interstellar ya Christopher Nolan. Ilitoka Novemba 2014, na ilipofikisha miaka kumi wakaamua kuirudisha kwenye kumbi. Mwanzoni ilipangwa Septemba 2024, ikasogezwa, ikatoka Marekani tarehe 6 Desemba kwenye skrini 166 za IMAX. Kumi kati ya hizo zilionyesha kwa mkanda wenyewe wa 70mm, ule ambao picha yake ni kubwa mara kadhaa kuliko mkanda wa kawaida wa sinema. Wikiendi ya kwanza tu iliingiza zaidi ya dola milioni 4. Kumbuka hii ni muvi ambayo mtu anaweza kuiangalia akiwa kitandani kwake, na mwisho anaujua.

India ndiyo kabisa. Desemba ile kumbi zao za IMAX zilikuwa zimeshachukuliwa na Pushpa 2, mashabiki wakalalamika mtandaoni mpaka basi. Wakasubiri hadi tarehe 7 Februari 2025, ilipowafikia wakaenda. Miezi miwili unasubiri kitu ambacho umeshakiona! Mtu anayefanya hivyo siyo kwamba hana kazi, kuna kitu anakifuata.

Na msidhani muvi hii ilizaliwa ikipendwa hivi. Wikiendi yake ya kwanza Marekani 2014 ilishika namba mbili, ikapitwa na katuni ya Big Hero 6. Wachambuzi waligawanyika. Wengine walisema ni ndefu, maana ni karibu saa tatu, wengine wakasema muziki wa Hans Zimmer unafunika maneno mpaka husikii mtu anasema nini. Kwenye Oscar ilitajwa vipengele vitano ikabeba kimoja tu, cha madoido ya picha. Watu ndio walioikuza baadaye, taratibu, mwaka baada ya mwaka.

Sasa mimi. Niliiona mara ya kwanza 2015, niko form three, kwenye kibanda umiza cha mtaani, kiingilio shilingi mia mbili. Ilikuwa imetafsiriwa Kiswahili, na jamaa wa tafsiri alikuwa na vituko vyake. Tulipenda lile wimbi kubwa kama mlima, tukampenda yule roboti. Ikafika ile sehemu baba anakaa mbele ya skrini analia, mtafsiri akapachika utani wake, kibanda kizima tukacheka. Na mimi nikacheka, nakumbuka vizuri.

Kama hujaiona, samahani nakuharibia kidogo. Baba anaitwa Cooper, mkulima ambaye zamani alikuwa rubani. Dunia imejaa vumbi, mazao yanakufa, anapewa safari ya kwenda kutafuta sayari nyingine ya watu kuishi. Anamwacha binti yake Murph, mtoto wa miaka kumi, kanuna hataki hata kumuaga. Huko wanashuka kwenye sayari iliyo karibu na shimo jeusi, ambapo saa moja ya pale ni miaka 7 ya duniani. Wanachelewa. Kurudi kwenye chombo wanakuta imepita miaka 23. Cooper anafungua ujumbe wa video aliotumiwa na wanae. Anamuona mwanawe wa kiume bado kijana, mara kaoa, mara kapata mtoto, mara anamwambia babu kafariki. Mwisho anatokea Murph, mtu mzima, anamwambia leo nimefikisha umri uliokuwa nao wewe ulipoondoka.

Hiyo siyo hadithi tu ya kutunga hewani. Kwamba muda unakwenda polepole karibu na kitu chenye uvutano mkubwa ni sayansi kweli, na mwanafizikia Kip Thorne alisimamia hesabu za hiyo muvi. Mwaka 2017 naye akapata Nobel kwa kazi yake nyingine ya mawimbi ya uvutano. Lakini niwe mkweli, mimi sikuishika kwa sababu ya fizikia, nimeishia form four.

Mama yangu aliondoka 2013 kwenda Muscat, kazi za ndani. Mimi na mdogo wangu tukabaki na bibi. Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili. Mama alikuwa anapiga simu kila wiki, anatuma sauti WhatsApp, anatuma na hela ya ada. Alirudi 2019. Mdogo wangu akamwamkia vizuri tu, shikamoo, akapokea begi. Halafu akanifuata jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, huyu mgeni atalala wapi?" Mtu wa kwenye simu alimjua. Mtu aliyesimama mlangoni alikuwa hajamuunganisha na yule wa kwenye simu.

Mwaka uliofuata nikaiona tena Interstellar, kwenye laptop ya mshkaji, safari hii sauti yenyewe na maandishi chini. Tulikuwa watatu. Ilipofika ile sehemu nikasema naenda kupokea simu nje. Simu haikuita.

Ndiyo maana nasema staa wetu kakosea. Muvi haikubadilika hata sekunde moja. Kilichobadilika ni mimi. Wale anaowacheka hawaendi kuangalia kama Cooper atarudi, hilo wanalijua. Kuna aliyeiona akiwa na miaka kumi kakaa na baba yake, leo baba hayupo. Kuna aliyeiona hajaolewa, leo kamuacha mtoto nyumbani na dada wa kazi. Unaingia kwenye kile kiza, skrini inapanda mpaka juu, na unapimwa umefika wapi.

Na mbona kwingine hatushangai? Harusini ikipigwa nyimbo ya miaka ya themanini shangazi zetu wanainuka na machozi, hakuna anayewaambia hawana kazi. Mtu anarudia goli la timu yake la miaka kumi iliyopita kila siku, tunamuita mwanamichezo. Huyo huyo staa wetu kila Ijumaa anapost picha zake za zamani na maneno ya kukumbuka enzi. Akikumbuka yeye ni kumbukumbu, wakikumbuka wengine ni uvivu?

Upande wa pili nao una hoja, siyo kwamba siuoni. Kurudisha muvi ya zamani ni biashara. Imeshatengenezwa, gharama mpya ni ndogo, hela inaingia. Avatar ilirudishwa China Machi 2021, hela hiyo ikaisaidia kuipokonya Avengers: Endgame namba moja ya mapato duniani. Kwa hiyo mabosi wanajua wanachofanya. Kuna na watu waliouza tiketi za 70mm kwa bei ya kuruka. Na kila skrini inayochukuliwa na muvi ya zamani kuna kijana mwenye muvi mpya anakosa nafasi. Hilo linaumiza, na sina jibu lake.

Ila kosa la mfanyabiashara asibebeshwe aliyelia. Anayeuza anajua anauza nini, na aliyelia naye anajua analia nini.

Mimi sijawahi kuiona kwenye skrini kubwa. Nina miaka 25, na juzi nilipiga hesabu. Ikirudishwa tena ikifikisha miaka 20, itakuwa 2034, mimi nitakuwa na 35. Ndiyo umri aliokuwa nao mama alipopanda ndege. Nimeshamwambia nitamkatia tiketi twende wote. Kaniuliza hiyo muvi inahusu nini, nikamwambia mama, ni ya mambo ya anga tu.

Wewe ipi ungelipia tena, na ulikuwa na nani ulipoiona mara ya kwanza?