Umeme wa Kukamatia Kaboni Dioksaidi

Katika bweni letu upo ubishi usiokwisha. Wenzangu wengine husema kwamba hatuna haja ya kuhangaika juu ya moshi wa viwanda na joto la dunia, maana wataalamu wamekwisha pata njia ya kuikamata kaboni dioksaidi kwa umeme. Mimi nasema njia hiyo ni njema, ila hawajaipigia hesabu.

Kwanza niisifu. Njia iliyozoeleka ni kuinasa hewa hiyo kwa dawa, kisha kuitia dawa joto hata iiachie. Ikiwa dawa ni chokaa, yataka joto la digrii 900 hivi. Mwaka 2019 Sahag Voskian na T. Alan Hatton wa Massachusetts Institute of Technology, Marekani, walieleza njia isiyotaka moto. Bamba lililopakwa kwinoni hutiwa umeme kama betri inavyochajiwa, nalo hushika kaboni dioksaidi inayopita. Umeme ukigeuzwa, bamba huiachia, ikakusanywa peke yake. Ni kemia ile ile ya elektrodi tunayofundishwa maabara, na yanipendeza mno.

Sasa hesabu. Katika sehemu 10,000 za hewa, kaboni dioksaidi ni 4 na kidogo tu. Kuichambua humo si mchezo. Tufanye kuwa tani moja yataka yuniti 1,000 za umeme. Bwawa la Karuma hapa kwetu Uganda lina nguvu ya megawati 600. Likizunguka usiku na mchana mwaka mzima, bila kupumzika hata saa moja, umeme wake wote utakamata tani milioni 5 na robo. Makaa, mafuta na gesi vinavyochomwa duniani hutoa zaidi ya tani bilioni 37 kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe: ni sehemu moja katika 7,000! Na kijijini kwetu wadogo zangu bado husoma kwa kibatari.

Basi mashine hizi zifungwe kwenye mabomba ya viwanda vya saruji, ambako hewa hiyo ni nyingi na hutoka katika mawe ya chokaa yenyewe, hata moto ukizimwa na umeme ukatumika badala yake. Lakini atakayejenga mtambo mpya wa makaa akisema moshi wake utakamatwa baadaye, nitamwuliza: kwa umeme wa nani?

Nanyi wanafunzi wa zamani mlioajiriwa kwenye mitambo ya umeme, mwenye hesabu iliyo bora kuliko yangu na ailete toleo lijalo.