Je, Tunanunua Saa au Tunanunua Uchache?

Mtu wa pwani ni bingwa wa kuisoma saa kinyume. Akrabu fupi imesimama kwenye tisa, naye bila kusita anakwambia ni saa tatu. Nambari zilizochapwa usoni mwa saa hazimshughulishi. Yeye huangalia akrabu imeelekea wapi, basi. Kwa hivyo huenda msomaji wetu akawa na subira kuliko wengine kwa habari hii ya leo, kwa maana inahusu saa ambazo waliozitengeneza hawakujali sana kama zitasomeka.

Nazungumzia saa za mkono zinazobuniwa na wasanii mashuhuri wa siku hizi, zikatengenezwa kwa idadi maalumu, pengine mia mbili au mia mbili na hamsini, kisha kiwanda kikatangaza kwamba hazitatoka nyingine. Mwaka 2024 Audemars Piguet wa Uswisi walitoa moja kwa kushirikiana na Mmarekani ajulikanaye kwa jina la KAWS. Saa 250 tu. Chini ya kioo amewekwa mwanasesere wake maarufu, yule mwenye alama za kukata mahali pa macho, naye amebandika viganja kwenye kioo kama mtoto aliyefungiwa ndani ya duka. Akrabu za katikati hazimo; wakati unausoma pembeni, kwenye ukingo.

Kabla ya hiyo, mwaka 2021, Hublot walitoa saa 200 zilizobuniwa na Mjapani Takashi Murakami. Katikati pana ua linalocheka, na petali za ua hilo zinazunguka mwenye saa anapotikisa mkono. Uso mweusi, mwili mweusi, almasi nyeusi, na ukanda pia mweusi. Bei yake ilikuwa takribani dola 27,000, karibu shilingi milioni tatu za Kenya kwa thamani ya wakati ule. Naikubali kuwa ni kitu cha kupendeza kutazama. Lakini ukiulizwa Alasiri imebaki dakika ngapi, itakubidi uikaribie dirishani.

Hebu tusiwahi kukasirika. Mambo haya yana asili yake, na asili yenyewe si ya kitajiri hata kidogo.

Siku ya 25 Desemba 1969 Seiko wa Japani walileta sokoni saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, yaani ile inayokwenda kwa betri na jiwe dogo linalotetemeka kwa kipimo. Ikafuata miaka ya msiba kwa Waswisi. Watu kama 90,000 walikuwa wakila kwa kazi ya saa mnamo 1970. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama thuluthi yao. Viwanda vilifungwa vijiji kwa vijiji. Ndipo, tarehe 1 Machi 1983 mjini Zurich, ikazinduliwa saa ya plastiki iitwayo Swatch. Ilikuwa na vipande 51, ilhali saa nyingine za namna yake zilihitaji tisini au zaidi, na bei yake haikufika faranga 50 za Uswisi.

Msomaji huenda akaiona hiyo kuwa habari njema tupu. Lakini muulize fundi wa saa wa mtaani kwako, yule aliyekaa kibandani na kikuza-macho chake. Swatch ilipunguzwa bei kwa kuunganishwa mitambo yake moja kwa moja ndani ya mwili wa plastiki, na kioo kikagandishwa juu kisifunguke. Ukimletea fundi, atabadilisha betri. Likiharibika jingine, atakurudishia na kukupa pole. Ndiyo saa iliyomwachisha fundi kazi, na ni hiyohiyo iliyomwita mchoraji.

Kwa nini mchoraji? Kwa sababu mitambo ya saa zote ilikuwa mmoja na bei moja. Kilichobaki cha kumvutia mnunuzi ni sura. Wakawa wanatoa mitindo mipya mara mbili kwa mwaka, kama wauza nguo. Hapa mwanamke wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Leso mpya ikishuka Biashara Street, rangi zikapendeza na jina lake likagusa pale penyewe, atakayechelewa wiki mbili ataambiwa imekwisha, na huenda isichapwe tena. Waswisi, bila ya kutujua, waliifanya saa kuwa leso.

Mwaka 1985 walimpa kazi Mfaransa ajiitaye Kiki Picasso (hana udugu na yule Picasso mkubwa). Saa zake hazikufika 150, na kila moja ilitofautiana na mwenzake kwa rangi. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Keith Haring wa New York, na huyu yafaa tumtulie kidogo.

Haring alikuwa kijana aliyechora kwa chaki kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Alitafuta yale mabango yaliyofunikwa karatasi nyeusi kwa kukosa tangazo, akachora harakaharaka watu wanaocheza, mbwa wanaobweka, watoto wachanga wanaotambaa, kisha akaondoka kabla ya askari kufika. Si mara zote aliwahi kuondoka. Michoro ile haikuwa na tiketi wala mlinzi. Ilikuwa ya kila aliyengoja treni. Picha zake zilipoanza kuuzwa ghali aliona anawapoteza wale wa mwanzo, na mwaka 1986 akafungua duka lake la Pop Shop mjini humo, akauza fulana na vitu vidogo vidogo vyenye michoro ileile. Wakosoaji walimcheka kwamba amegeuka mchuuzi. Saa yake ya Swatch ilitoka mwaka huohuo kwa dola 50. Kwa fikira zangu hapo ndipo jambo hili lilipokuwa na haki yake yote: mtu asiyeweza kununua picha aliweza kuivaa mkononi akaenda nayo kazini.

Lakini tazama idadi iliyoandikwa: 9,999. Kwa nini si elfu kumi kamili? Mchuuzi yeyote wa Marikiti anayeandika shilingi 999 atakujibu. Nambari ile haikuwekwa kwa sababu plastiki ilikwisha. Iliwekwa ili isomwe.

Na ilisomwa vizuri. Mwaka 1991 mchoraji Alfred Hofkunst alibuni Swatch tatu za ajabu: moja kwa umbo la tango, moja la pilipili, na ya tatu yai la kukaanga pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe (hiyo sisi tuwaachie wenyewe). Hazikupelekwa kwenye maduka ya saa, bali ziliuzwa masokoni, kwenye meza za mboga. Mzaha mzuri, nami nakiri ulinichekesha. Ila waliopanga foleni hawakuwa wamefuata mzaha. Walishajua kwamba tango lile kesho lina bei nyingine.

Matunda yake yalionekana Hong Kong mwaka 2011, nyumba ya mnada ya Phillips de Pury ilipouza mkusanyo mmoja wa Swatch zaidi ya 4,000 kwa zaidi ya dola milioni 6. Plastiki ileile.

Kumbe hapa ndipo saa ilipoachana na leso. Leso ikiadimika, huadimika kwa kuwa imevaliwa. Imefungwa, imefuliwa, imebebea mtoto mpaka ikachuja. Mwenye nayo humwambia jirani kwa fahari kwamba hii siku hizi huipati, na papo hapo ameivaa. Saa ya mkusanyaji hulala ndani ya kijaluba chake, haijaguswa, kwa maana mkwaruzo mmoja unaishusha bei. Wanavyuoni wetu wamelizungumza sana jambo la kuzuia bidhaa ghalani mpaka bei ipande, na msingi wa maneno yao ni chakula na mahitaji ya watu. Saa ya ua linalocheka si unga. Mimi si mtu wa fatwa, na anayetaka kulaza mali yake kabatini ni shauri lake. La israfu, hata hivyo, kila mmoja wetu analijua bila kufundishwa.

Si kila saa adimu iliadimishwa kwa hesabu. Wazee wenye jamaa Muscat wamesikia habari za Rolex zenye alama ya jambia usoni, ambazo Sultan Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, alikuwa akiwatunukia maofisa na watumishi. Zilikuwa zawadi, si bidhaa. Leo nazo zinapigwa mnada kwa fedha nyingi, lakini aliyepewa kwanza alipewa kwa kazi aliyoifanya, si kwa kuwahi foleni.

Kampuni nazo zina utetezi, na si haki kuuficha. Wanasema mafundi wa Uswisi waliookoka miaka ile ya msiba ndio wanaoshughulika na saa hizi za mia mbili. Kwamba msanii analipwa. Kwamba tajiri asiponunua saa atanunua jingine. Yote ni kweli. Swali langu ni dogo: msanii ameitwa kufanya nini? Haring aliitwa ili picha ifike mbali. Hawa wa leo, naona, wanaitwa ili picha isifike. Andy Warhol, ambaye alipofariki Februari 1987 aliacha saa zaidi ya 300, aliwabunia Movado yake ikatoka 1988, nyuso tano zimeunganishwa mkononi, kila moja na picha ya New York: zilikuwa 250. Tangu hapo hesabu imebaki palepale, huku bei zikipanda.

Swatch wenyewe hawakuuacha mchezo. Mwaka 2018, Mickey Mouse alipotimiza miaka tisini, Mwingereza Damien Hirst aliwachorea saa mbili, moja 19,999 na nyingine 1,999, na hii ya pili iliuzwa siku moja tu.

Mtu atasema haya ni ya Wazungu na Wajapani, yatuhusu nini. Yametufika. Mwezi wa Ramadhani uliopita mpwa wangu alinijia amevaa saa nyeusi yenye ua katikati. Aliinunua barabarani kwa akiba yake, tena kwa bei ambayo sikutaka kuirudia mbele ya mamake. Akaigeuza anionyeshe nyuma: imechongwa nambari 47 kati ya 200. “Mjomba, dunia nzima ziko mia mbili,” akanambia, na macho yamemng'aa. Sikutaka kumvunja moyo, nikamwambia hongera.

Siku ya pili yake alikuja na rafikiye kufuturu. Yule naye alikuwa na saa yenye ua. Tulipokuwa tukingoja adhana, zikavuliwa zote mbili zikalinganishwa chini ya taa. Nambari 47 kati ya 200. Na nyingine, nambari 47 kati ya 200. Walibishana muda mrefu ni ipi iliyo ya kweli, kila mmoja akimtukania mwenzake muuzaji wake. Mimi niliziangalia akrabu. Zote mbili zilikuwa zikienda sawasawa, zimebakisha dakika nne.