Wiski ya Sweden na boha ya Usambara

Makala moja inaisifu Mackmyra, kampuni iliyoanzishwa 1999, ikawapa Waswidi wiski yao wenyewe na kuzeesha baadhi ya mapipa ndani ya mgodi wa zamani. Sawa. Lakini Lushoto, kwenye Milima ya Usambara, nayo ina glasi yake.

Wabenediktini wa Sakharani, karibu na Soni, hutengeneza mvinyo na kuuza makadamia. Kwa baridi ya huko, mvinyo hauhitaji barafu!

Glasi nyingine ya huko ni boha, pombe ya miwa ya Wasambaa, iliyo kinyume kabisa cha wiski: haikenekwi, haisubiri miaka pipani, na ikicheleweshwa inachachuka hadi hainyweki. Mnywaji wa Stockholm hujivunia umri wa chupa. Mzee wa Usambara huuliza kwanza imekamuliwa lini.