Likizo ya Askari na Reli ya Pwani

Wapo wengi katika vikosi vyetu waliokwisha kuvuka mipaka ya Uganda si mara moja wala mbili, ila nchi walizozifikia wamezitazama kutoka nyuma ya lori. Wameijua barabara, wamelijua handaki na kambi, mji hawakuujua. Tena likizo inapowadia, mambo huwa ni yale yale: fedha huchukuliwa Ijumaa, na Jumatatu ikifika mtu anatafuta mwenzake wa kumkopesha nauli ya kurudi kikosini. Mke na watoto waliokuwa wakimngoja hupata sukari kilo mbili na maneno matamu. Sisi tunaona kwamba fedha hizo hizo, zikipangwa kwa kalamu na karatasi kabla hazijatiwa mfukoni, zinatosha kumpeleka askari pamoja na mkewe kwa treni kutoka Nairobi hadi Mombasa na kuwarudisha.

Mtu atauliza, kwa nini Mombasa? Kwa sababu reli ile ina historia yetu. Ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliitwa Reli ya Uganda. Ilifika Nairobi mwaka 1899, wakati ambapo mahali pale palikuwa tambarare lenye majimaji na mahema, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Siku hizi treni ya abiria kutoka kwetu hadi Nairobi haipo, kwa hiyo sehemu hiyo hatuna budi kuipita kwa basi la usiku. Mwananchi wa Uganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Lakini askari si mwananchi wa kawaida: asivuke Malaba wala Busia bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkuu wake, na sare aiache sandukuni.

Nairobi tusiidharau kwa kuwa umri wake ni mdogo. Karibu na stesheni ya zamani kuna Makumbusho ya Reli, na humo limehifadhiwa behewa ambalo kila askari polisi angefaa kuliona. Mwezi Juni mwaka 1900, mkuu wa polisi wa reli aliyeitwa Charles Ryall alikaa ndani ya behewa hilo katika stesheni ya Kima ili amvizie simba aliyekuwa akila watu. Walikuwa watatu, wakapangiana zamu. Zamu ilikuwa yake, usingizi ukamshinda. Simba aliingia mlangoni, akamchukua na kutoka naye dirishani. Tunawajua makoplo ambao wangetoa fedha nyingi ili vijana wao wa lindo walitazame behewa hilo kwa nusu saa tu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Barabara ya Kenyatta, ilipo sanamu ya ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yako katika Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Majina ya waliokufa hayapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa wakiwa wamebeba risasi na unga wa wengine, na jina lao la kikosi limebaki katika mtaa na soko la Kariokor. Mombasa nayo ina sanamu ya namna hiyo. Anayeanzia kwenye sanamu ya Nairobi na kuishia kwenye ile ya Mombasa atakuwa amesafiri katika njia ambayo watu hao waliilinda, kwani katika miaka ya 1914 na 1915 vikosi vya Wajerumani vilikuwa vikitoka upande wa Kilimanjaro na kuja kuitegea reli baruti. Kwa sababu hiyo Waingereza walijenga tawi la reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta.

Reli ya sasa ni mpya. Ilifunguliwa mwaka 2017. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi za Kenya 1,500, na daraja la kwanza ni 4,500. Mke na mume, kwenda na kurudi katika daraja la kawaida, ni 6,000. Kwa daraja la kwanza ni 18,000. Viti vya daraja la kwanza ni laini zaidi, hatukatai, lakini tembo wa Tsavo hawabagui madaraja, na tofauti hiyo ya 12,000 italipia chumba na chakula. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu.

Ushauri wetu ni treni ya asubuhi inayosimama njiani, si ile ya haraka, na kamwe si ya usiku. Inachelewa kidogo, lakini unaiona Emali, Kibwezi, Mtito Andei, unaiona ardhi ikigeuka kuwa nyekundu, nawe unafika Mombasa jua lingali juu. Tiketi ikatwe mapema, hasa karibu na Krismasi na shule zinapofungwa. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, nje ya mji, na ya Mombasa iko Miritini. Matatu za pande zote mbili zihesabiwe katika bajeti, maana hapo ndipo hesabu za wengi huharibika. Ufike saa nzima kabla. Mizigo hupangwa chini na mbwa huinusa, na kisu chako cha mfukoni ulichokizoea hakitapita. Usianze kubishana na askari wa zamu kwa kumwambia kwamba wewe pia ni askari. Wewe mwenyewe ungemjibu vipi? Chapati na mayai ya kuchemsha vitoke nyumbani.

Mombasani, hoteli za ufukweni waachiwe wenye nazo. Tafuteni nyumba ya wageni safi karibu na Mji wa Kale, mwone chumba kabla ya kulipa. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, inataka asubuhi nzima. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Baadaye Waingereza waliifanya gereza. Askari atazame pembe za kuta zile, aone jinsi kila ukuta unavyolindwa na mwingine. Mwananchi wa Afrika Mashariki aonyeshe kitambulisho, kwa kuwa kiingilio chake ni pungufu. Jioni, kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu.

Siku nne zinatosha, mbali na basi la kwenda na kurudi Kampala. Tiketi ya kurudi inunuliwe pamoja na ya kwenda, siku ile ile, na iwekwe katika mkoba wa mke.