Habbat sauda na donda la mgonjwa wa sukari

NDUGU Waislamu, katika nyumba zetu nyingi chupa ya mafuta ya habbat sauda au ya zeituni haikosekani, na hapana ubaya. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba mbegu hiyo ina ponyo la kila maradhi ila mauti. Hilo tunaliamini. Ninachokipinga ni kulifanya hoja ya kumweka nyumbani mzee mwenye kisukari aliyetoboka unyayo, akipakwa mafuta asubuhi na jioni huku donda likielekea mfupani.

Wanazuoni wenyewe, akiwemo Ibn Hajar katika Fat-hul Bari, walifafanua kuwa mbegu hiyo mara hutumiwa peke yake na mara huchanganywa na dawa nyingine, kwa kadiri ya maradhi. Tena Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume alimwelekeza kwa tabibu, Harith bin Kalada, kama alivyopokea Abu Daud.

Donda la kisukari lina hila. Sukari ikizidi kwa miaka, miguu hufa ganzi, mishipa ya damu huziba, na mwili hudhoofika katika kupambana na vijidudu. Mgonjwa hasikii maumivu, basi jamaa hudhani anapona! Mafuta hulainisha ngozi. Hayazibui mshipa, hayaondoi nyama iliyokufa, wala hayapunguzi uzito unaolikandamiza donda kila akanyagapo.

Kweli, katika utafiti wa Iran uliotolewa mwaka 2015, wenye wagonjwa 34, waliopakwa mafuta ya zeituni walipata nafuu zaidi. Lakini walipakwa juu ya matibabu ya kawaida, si badala yake. Na mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2023 unashauri mitishamba isitumiwe kuponyesha madonda hayo, kwani ushahidi haujatosha.

Wapo pia wanaofungua bendeji kila swala ili watie udhu. Ikichelewa kuwa maji yatadhuru, sheria imeruhusu kupangusa juu yake. Ama ambaye mguu wake ungali mzima, kila atiapo udhu autazame unyayo na akaushe baina ya vidole. Ngozi ikikauka, apake mafuta, ila si baina ya vidole. Akiona lengelenge, weusi au usaha, jamaa wampeleke hospitali siku ile ile, na chupa ibaki kabatini.